Sura ya Sita: Goti la Mkanda Mweusi

Mcheza karate wa Njombe hupigana kwanza na baridi. Juni na Julai, saa kumi na mbili asubuhi, joto likiwa chini ya nyuzi 10 na ukungu umelalia miwati na mashamba ya chai, mtu huvua sweta mbili, akabaki na gi, vazi la karate la pamba, akasimama peku juu ya saruji. Wageni wanaopanda kutoka Dar es Salaam kuja kusimamia mitihani ya mikanda hucheka kwanza, halafu huulizia chai. Wenyeji hawacheki. Wanajua kwamba saa hiyo msuli haujaamka, kano ni ngumu, na amri ya ubongo huufikia mguu kwa kuchelewa kidogo. Kijana wa miaka 18 anaweza kurusha teke la juu katika hali hiyo na lisitokee lolote. Anaweza kufanya hivyo miaka mingi. Deni huja kudaiwa akiwa baba wa watoto.

Bruce Lee alidaiwa mapema. Mwaka 1970, akiwa hajatimiza miaka 30, alijitwika chuma cha mazoezi mabegani, akainama mbele na kuinuka, bila kupasha mwili moto. Mgongo ukaumia sehemu ya chini. Madaktari wakamwambia asahau mateke. Alilala miezi kadhaa, na muda huo akaujaza kwa kuandika. Sehemu ya madaftari hayo ilikuja kuchapishwa mwaka 1975, yeye akiwa amekwishafariki, katika kitabu kiitwacho Tao of Jeet Kune Do. Aliinuka, akacheza filamu zilizowafanya vijana wa dunia nzima wavunje vitanda vya mama zao, lakini mgongo ule uliendelea kumsumbua mpaka kifo chake tarehe 20 Julai 1973. Tuliotazama filamu zake tulimwona akiwapiga watu kumi kwa mpigo. Aliyemuumiza yeye hakuwa mmoja wao. Lilikuwa zoezi la kawaida, siku ya kawaida, akiwa peke yake.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu kinajibu swali ninaloulizwa kila ninapochechemea kupanda ngazi za stendi: "Sensei, nani alikuvunja?" Watu hutegemea jina. Wanataka kusikia habari za shindano la Mbeya, au za vibaka wanne waliokutana na mtu wasiyemjua gizani. Hakuna jina. Katika wacheza karate wa umri wangu ninaowafahamu, kuanzia Makambako mpaka Njombe, sijamwona hata mmoja aliyelemazwa na adui. Tuliumizana wenyewe mazoezini, tukaumizwa na sakafu, tukaumizwa na zoezi moja lililorudiwa mara nyingi kuliko mfupa ulivyoweza kuvumilia. Kisha tukaficha, kwa kuwa mkanda mweusi hauruhusiwi kuumwa.

Namna mchezo wenyewe ulivyotufikia ina sehemu yake katika lawama hii. Dar es Salaam walibahatika kupata mwalimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, enzi ambazo Wamarekani Weusi walikuja Tanzania kuiona nchi ya Ujamaa kwa macho yao, Nantambu Camara Bomani alianza kufundisha Goju-ryu ya Okinawa katika Shule ya Zanaki. Kutoka dojo lile walitoka walimu wengi wa mtindo huo waliosambaa nchini na nje yake. Mwanafunzi wa Zanaki alisahihishwa: mguu uweke hapa, nyonga izungushe hivi, goti lisipite kidole gumba.

Sisi wa Makambako tulisahihishwa na televisheni. Mji wetu ni njia panda. Barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia inapita hapo, ya Njombe na Songea inachepukia hapo, na reli ya TAZARA ina stesheni yake hapo hapo. Kila kilichosafiri kilituacha na kitu: mahindi, mitumba, betri za redio, na kanda za video. Kwenye vibanda vya video vya miaka ya mwisho ya 1980 tulilipa sarafu tukakaa juu ya magogo, tukatoka tumejifunza teke la kuzunguka hewani. (Reli yenyewe ilijengwa na Wachina, na watoto wa Makambako tuliamini kwamba kila Mchina aliyewahi kushika sururu pale alikuwa bingwa wa kung fu. Wazee waliofanya kazi nao walituambia walichokiona ni watu wanaofanya kazi sana. Hatukuwasikiliza.) Jackie Chan alikuwa mkweli kuliko wote, maana mwisho wa filamu zake alionyesha vipande vya kuumia kwake. Alipokuwa akitengeneza Armour of God, alianguka kutoka mtini huko Yugoslavia, akapasuka fuvu, akafanyiwa upasuaji wa kichwa. Picha za watu wakimbeba zilikuja na majina ya wahusika. Kibandani tulikuwa tunacheka, na mwenye kibanda akaizima kanda ili aingize watazamaji wengine.

Basi tukafanya mazoezi. Ukumbi ulikuwa wa shule au wa kanisa, sakafu ya saruji, wala hakuna aliyewahi kuona mkeka wa judo. Zaidi ya hapo, tulikuja tukiwa tumechoka. Hili vitabu vya karate vilivyoandikwa Japani na Ulaya havilizungumzii kwa sababu havikuandikiwa wapakia mbao. Kijana wa nyanda hizi huamka akalima viazi mviringo, au akashinda anapandisha mbao za paini kwenye lori, mgongo na magoti yakiwa kazini tangu alfajiri. Jioni anavaa gi, mwalimu anaagiza kuruka kichura mara 100. Mwalimu anamwona mvivu. Kumbe mwili huo umekwishafanya mazoezi ya siku mbili, na kilichobaki ni kuumia tu. Kama ningekuwa na mamlaka ningepiga marufuku kichura katika kila ukumbi wa saruji kuanzia Makambako hadi Ludewa.

Goti langu la kushoto liliachia katika ukumbi wa namna hiyo, na mbele yangu hapakuwa na mtu. Nilikuwa narusha teke la mzunguko, lile tunaloliita mawashi geri. Teke hilo siri yake iko kwenye mguu uliosimama: kisigino lazima kizunguke kumwelekea unayempiga, ili nyonga ifunguke. Unyayo peku wenye jasho ukigandia saruji, mguu wa chini hubaki pale pale huku paja na kiwiliwili vikienda. Goti ni bawaba ya mlango. Limeumbwa kukunja na kukunjua, na kuzunguka kwake ni kidogo mno. Ukililazimisha, mzigo wote unabebwa na kano ya msalaba ya mbele, ukanda mfupi ulio ndani kabisa ya goti, unaouzuia mfupa wa mundi usichomoke kwenda mbele. Ulikatika. Nilisikia mlio, na wenzangu wawili waliokuwa karibu wakageuka wakidhani nimekanyaga kijiti. Kabla ya saa mbili kupita goti lilikuwa limevimba pande zote. Uvimbe wa haraka namna hiyo mara nyingi ni damu iliyojaa ndani ya kiungo, na ni dalili ambayo kila mwalimu wa michezo angepaswa kuijua kama anavyojua jina lake.

Zahanati niliyofika waliniambia nimeteguka. Picha ya eksirei ilikuwa safi, nikapewa vidonge, nikapewa siku tatu. Ndivyo wanavyoambiwa wengi, na si uongo mtupu: eksirei huonyesha mifupa, na mifupa ilikuwa mizima. Kano na gegedu hazionekani humo. Daktari mzoefu wa mifupa anaweza kuligundua tatizo kwa mikono tu, kwa kulikunja goti kidogo na kuuvuta mundi mbele aone kama unachomoka kuliko wa mguu wa pili. Hahitaji umeme kwa hilo. Anahitaji kuwa na dakika tano na kuwa amefundishwa.

Baada ya wiki kadhaa uvimbe unashuka, maumivu yanaisha, na hapo ndipo hatari inapoanza. Mtu anatembea vizuri. Anarudi dojo, watu wanampigia makofi. Lakini kila anapogeuka ghafla goti linamwacha, anaanguka, anainuka akicheka. Kila tukio la namna hiyo linasaga gegedu, ile tabaka laini inayozuia mfupa usisuguane na mfupa. Wachunguzi waliofuatilia watu waliokatika kano hiyo au kuchanika gegedu za goti wamekuta kwamba baada ya miaka 10 mpaka 20, takriban nusu yao wana goti lililolika, la kizee, hata kama wenyewe bado ni vijana. Upasuaji wa kuunga kano upya unaweza kulirudishia goti uimara, ingawa hauzuii kabisa kulika huko. Hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, kwa matundu madogo na kamera. Kutoka Njombe ni safari ya zaidi ya kilomita 600, bado hujalipia upasuaji, bado hujahesabu miezi ya kutokubeba mbao.

Ndiyo maana wengi wetu hatukufanyiwa. Mji wa Njombe umekaa juu ya vilima, na mgeni mwenye goti bovu huogopa kupanda. Mwenyeji anajua kwamba kupanda si neno. Kushuka ndiko kunakotoa machozi, kwa sababu uzito wote hulalia kifuniko cha goti. Nimeona walimu wa karate wa makamo wakishuka kinyumenyume kutoka sokoni, wanaongea na simu ili ionekane wamegeuka kwa sababu ya mtandao.

Tiba iliyo karibu ni kuchua. Kwa mgongo uliokaza na kwa misuli iliyochoka baada ya kazi sina ugomvi na wachuaji wetu. Mkono wa mama aliyezoea unafanya kazi ambayo vidonge havifanyi. Waunga mifupa wa kienyeji nao wamewasaidia watu wengi walipokuwa mbali na hospitali. Ila goti au kifundo kilichovimba leo hakichuliwi leo. Hakikandwi kwa maji ya moto leo. Kuchua na joto huzidisha damu inayovuja ndani. Siku mbili tatu za mwanzo kinatakiwa kitu baridi, bandeji ya wastani, na mguu kuinuliwa. Baridi Njombe haiuzwi.

Halafu kuna diklofenaki, inayopatikana kila duka la dawa muhimu kwa bei ya soda. Ninawafahamu watu wanaomeza kabla ya mazoezi, kama wengine wanavyokunywa kahawa, ili wasisikie goti. Wanachokizima ni kengele. Na dawa hiyo ikizoeleka huchimba vidonda tumboni, hupandisha presha na huchosha figo. Mtu anaingia miaka hamsini na magoti mabovu pamoja na figo mbovu, na la pili ndilo litakalomuua.

Ajabu ni kwamba kiungo ambacho watu hukitazama kwanza wanapotaka kuona athari za karate, yaani ngumi, hakina kesi kubwa. Vifundo vya vidole vyangu ni vinene na vyeusi kwa sababu ya makiwara, ubao wa paini uliofungwa kamba ya katani, na watoto huomba kuvigusa. Lakini uchunguzi wa mikono ya walimu wa karate uliochapishwa Uingereza mwaka 1985 haukukuta uharibifu wa mapema wa viungo uliotarajiwa. Mkono unaopiga ubao kwa mpangilio, polepole, miaka kwa miaka, unazoea. Unaovunjika ni mkono wa asiyejua, anayempiga mtu taya kilabuni ulanzi ukiwa umekolea, akatua kwa kifundo cha kidole cha mwisho. Mfupa ulio chini ya kidole hicho hauna mlinzi.

Mtu akikubali kwamba mwili umebadilika, karate ina nafasi kubwa ya wazee, kubwa kuliko mpira wa miguu. Bill Wallace wa Marekani aliumia goti la kulia akicheza judo miaka ya 1960. Akaamua mguu huo utakuwa wa kusimamia tu. Mateke yake yote yakatoka kushoto, na akastaafu mwaka 1980 bila kushindwa katika mapigano ya kulipwa. Gichin Funakoshi, aliyeipeleka karate ya Okinawa kwenye vyuo vya Japani, alifariki mwaka 1957 akiwa na miaka 88. Kata, yaani mfululizo wa mbinu unaochezwa bila mpinzani, haihitaji teke la juu. Nimeshusha mateke yangu mpaka usawa wa paja, na katika miaka hii sijaona kata hata moja iliyolalamika.

Kuna somo jingine ambalo ningetamani lifundishwe hata kwa bibi asiye na mpango wa kumpiga mtu. Jigoro Kano alipoanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, aliziondoa katika mazoezi ya kushindana mbinu zilizokuwa zikivunja watu, na akaweka mbele ya yote kujifunza kuanguka: kidevu kifuani, mkono ugonge sakafu, mgongo uviringe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na walio hatarini zaidi ni wenye zaidi ya miaka 60. Njia zetu za udongo mwekundu mwezi Machi zinajua habari hiyo. Mara mbili nimeteleza nikiwa nimebeba mzigo na mwili ukaviringika wenyewe. Katika yote niliyojifunza kwenye karate na vitu vya jirani yake, hicho ndicho pekee kilichowahi kuniokoa nje ya ukumbi.

Kichwa ni habari nyingine. Kichwa hakina nafasi ya uzeeni wala mguu wa pili wa kuegemea.

Februari 1980 bondia Muhammad Ali alitua Dar es Salaam, ametumwa na Rais Jimmy Carter kuzishawishi nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakumpokea. (Tukaenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi kila mmoja na medali ya fedha.) Wanaosimulia ziara ile husimulia siasa. Mimi huifikiria sauti. Ali alikuwa na miaka 38. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliopima rekodi zake za zamani walionyesha kwamba kati ya 1968 na 1981 kasi yake ya kuzungumza ilishuka kwa asilimia 26. Mtu aliyekuja kuongea na Watanzania alikuwa tayari anaondokewa na ulimi wake. Miezi minane baadaye, tarehe 2 Oktoba, alipanda ulingoni Las Vegas kupigwa na Larry Holmes. Mwaka 1984 ikatangazwa kwamba ana dalili za Parkinson. Madaktari wamebishana kiasi gani cha ugonjwa ule kilitokana na ngumi. Jambo moja halina ubishi: Ali alikuwa na desturi ya kuwaacha wenzake wa mazoezi wampige, mwili na kichwa, akiamini anajikomaza. Mmoja wa wenzake hao alikuwa Holmes huyohuyo. Ngumi za mashindano zina idadi, zimeandikwa. Za mazoezini hakuna aliyezihesabu.

Jambo hili si geni kwa utabibu. Daktari Harrison Martland alieleza mwaka 1928 hali ya mabondia wanaotembea wakiyumba na kusahau kama walevi. Tanzania ina historia ya kujivunia katika ndondi, tangu fedha ya Titus Simba kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh mwaka 1970 hadi dhahabu ya Michael Yombayomba Kuala Lumpur mwaka 1998, na sitaki mtu afunge klabu. Nataka tu ieleweke kwamba ubongo haugandi wala haukomai kama kifundo cha ngumi. Na kofia ya mazoezi haiuzuii kutikisika. Inazuia kupasuka ngozi. Ndiyo sababu mabondia wa ridhaa wa kiume waliachishwa kofia hizo, na Olimpiki ya Rio mwaka 2016 wakapigana bila kuzivaa.

Kwa hiyo nakuomba, mwalimu mwenzangu wa Makambako, wa Njombe, wa Makete au Wanging'ombe. Goti la mwanafunzi wako likivimba kabla ya jua kuzama, mpeleke hospitali ya Ilembula, ya Ikonda au ya mkoa, umwambie daktari alivyoanguka, na usikubali "ameteguka" kabla goti halijavutwa na kupimwa. Akipigwa kichwani, mkalishe. Siku ile asirudi kupigana hata akikusihi, hata kama mzazi wake ndiye anayesihi, wala siku zinazofuata mpaka kichwa kiache kuuma kabisa. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, akianza kuongea ovyo, au mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, usisubiri kukuche. Tafuta gari, umpeleke hospitali usiku huohuo.